Rungu la Heritier Lamuua Koko

Kuanzia Fort Worth mpaka Garland hakuna mwanamke anayeijua besiboli kama mimi. Nimeitazama uwanjani mara nne, na katika hizo nne nilikuwa macho mara mbili.

Lakini hizo mbili nilikaza macho kweli, na moja ndiyo hii.

Wiki iliyopita tuliliacha rungu la Heritier, lile la kupigia mpira, hewani. Najua mmenilaani. Mama mmoja wa Irving amenisimamisha nje ya kanisa akaniuliza, "Lile rungu limeshashuka au bado?" Nikamwambia asubiri gazeti kama wenzake. Basi leo linashuka, na linashuka na mtu.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Jumanne mchana, jua la Texas linakaanga vipara bila mafuta. Timu ya Nyati wa Irving iko nyuma kwa pointi moja na hii ni nafasi yake ya mwisho. Samson yuko kituo cha tatu, amejikunja kama paka, anasubiri kukimbilia kituo cha nyumbani kuleta pointi. Anayepiga ni Heritier, mtoto wa mama Bernadette wa Euless, namba kumi na saba mgongoni, miwani ya jua juu ya kofia, mkufu shingoni mzito wa kufungia mbuzi.

Akapiga. Paa!

Mpira ukapaa. Sasa, mpira ukivuka uzio mpigaji hana haraka tena. Anavizunguka vituo vyote kwa miguu, taratibu, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Heritier alijua umevuka. Nani alimwambia? Alijiambia mwenyewe.

Akasimama kuutazama. Akalirusha rungu juu, likazunguka mara tatu. Akaubusu msuli wa mkono wa kulia. Wa kushoto ukaona wivu, akaubusu na wenyewe. Akanyoosha kidole mbinguni, kana kwamba Mungu alikuwa amemshikia begi. Halafu akaanza kucheza: magoti nje, kiuno chini, kiganja sikioni, kuwaambia watu siwasikii, pigeni kelele.

Rungu likashuka. Likatua kwenye kidole gumba cha mwamuzi.

Na watu wakapiga kelele, tena sana.

"Kimbia!" walikuwa wanasema. "Kimbia, wewe mpumbavu!"

Maana mpira ulikuwa umegonga ukingo wa uzio na kurudi ndani.

Mchezaji wa wageni akauokota, akautupa kituo cha kwanza. Pale alisimama jamaa mnene anayetafuna bigijii. Akaudaka, akakanyaga kituo, akaendelea kutafuna. Heritier bado yuko nyuma kabisa, kiuno chini.

Ametolewa! Samson alikuwa amekwisha kuingia nyumbani mbio, lakini pointi yake ikafutwa, kwa sababu ndivyo sheria inavyotaka mpigaji wa mwisho akitolewa kabla ya kufika kituo cha kwanza. Mchezo umeisha. Nyati wamefungwa na kiuno cha mwenzao.

Uwanja mzima ulinyamaza, isipokuwa mama Bernadette, ambaye alikuwa bado anapiga vigelegele.

"Mwanangu amewashinda!"

"Keti, mama," jirani yake akamwambia. "Ngoma ameshinda. Mpira ndio umemshinda."

* * *

Kocha wa Nyati ana jina lake, lakini wamama wa Euless wanamwita Kocha Masharubu, na masharubu yenyewe mtu anaweza kuyatumia kufagilia veranda. Mzee huyu anachukia kitu kimoja tu duniani: maringo uwanjani. Kwake yeye ukipiga mpira unaweka rungu chini polepole, kama unayemlaza mtoto, halafu unakimbia umeinamisha kichwa kama uliyeiba kuku.

"Kaa," akamwambia Heritier ofisini.

Heritier akakaa.

"Nani kakwambia ukae?"

Heritier akasimama.

"Jumamosi tunacheza Houston, na timu ya Kambare. Nani anakuja kutazama?"

"Mtu wa ligi kubwa, Kocha."

"Anakuja kumtazama nani?"

"Mimi, Kocha."

"Alikuwa anakuja kukutazama wewe." Kocha akachukua kalamu, akaiweka juu ya jina la Heritier kwenye orodha ya Jumamosi. "Utarudi uwanja wa ndege kupakia maboksi. Huko ukitaka uyarushe na uyachezee yote."

Hapo, wasomaji wangu, msimcheke kwanza. Kijana huyu amepakia maboksi miaka mitano. Mgongo wake unayajua maboksi kwa majina. Ana miaka ishirini na sita, na katika mchezo ule ukifika thelathini bila ligi kubwa unaitwa mzee huku bado unakula kwa mama yako. Mtu wa ligi kubwa haji mara mbili. Jumamosi ni Jumamosi au basi.

Aliona kalamu inashuka. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Koko wangu amekufa!"

Kalamu ikasimama.

"Koko ndiye nani?"

"Bibi yangu, mama yake mama. Amefariki leo asubuhi. Kule kwetu Kongo mjukuu akifiwa na bibi anarusha rungu juu na kumchezea. Ni mila, Kocha. Ya zamani sana."

"Kwa nini hukuniambia kabla ya mchezo?"

"Kwetu mwanaume hasemi," Heritier akasema, na sauti ikamtetemeka vizuri. "Anacheza."

Jamani! Kocha Masharubu akatoa kofia. Chozi likamtoka, likapotelea kwenye masharubu, halikuonekana tena.

"Mimi nililelewa na bibi," akasema. "Jina lako linabaki. Na bibi yako ataheshimiwa na timu hii mpaka mwisho."

Heritier alitoka pale anapiga mluzi. Alipofika kwenye gari, mluzi ukakatika. Timu ilikuwa imekwisha kuitoa habari kwenye mtandao: picha ya Koko Rosette waliyoichukua kwenye ukurasa wa Heritier mwenyewe, kitenge cha bluu, anacheka na meno yake yote manne, na utepe mweusi pembeni.

* * *

Koko Rosette, kwa taarifa yenu, ana miaka sabini na tisa na yupo Houston kwa binti yake Fanny. Saa ile ile anatangazwa kufa alikuwa anagombana na jirani Mmarekani juu ya bangi ya mtoto wake.

Simu yake ikaita.

"Koko, ni mimi Heritier. Kuna matapeli wanapigia wazee simu. Zima yako mpaka Jumapili."

"Matapeli wanasema nini?"

"Vitu vingi. Uongo tu. Usipokee hata mama."

"Mama yako naye ni tapeli?"

"Wanaiga sauti, Koko!"

"Sayansi imefika mbali," akasema Koko, akazima.

Kisha Heritier akakaa ndani ya gari na mama yake, akamweleza. Bernadette alisikiliza mpaka mwisho. Akamzaba kofi, moja, lenye pete.

"Heritier, uko nasema nini? Umeua mama yangu?"

"Mama, nili-panic."

"Ungepaniki na kuua koko ya baba yako! Yule alikwisha kufa!"

"Mama, please. Siku nne tu. Yule mtu akiniona Jumamosi nakwenda ligi kubwa, nawaambia watu walikosea."

"Mimi naenda kuwaambia leo."

"Ukiwaambia leo, kesho nipo kwenye maboksi mpaka nizeeke. Sema wewe."

Bernadette akatazama mbele. Yeye mwenyewe anaosha wazee nyumba ya wazee tangu afike Amerika, na anajua maana ya mgongo. Akafunga mkanda, akamwambia aendeshe nyumbani.

Na alipofika nyumbani hakukuwa na la kusema. Viti vilikuwa vimekwisha kufika.

* * *

Ninyi mnawajua watu wetu. Harusi wanafika baada ya saa tatu. Kilio wanafika kabla ya mfiwa. Jumatano mchana ile nyumba ya vyumba viwili ilikuwa na watu sitini, na wengine mia wamekaa nje kwenye majani. Warundi wa Garland walikuja na rozari na viti vya kanisa. Wakongo wa Fort Worth walileta kwaya, spika mbili na sombe, kisamvu chenyewe, ya kutosha kupaka rangi barabara. Avelina, mkuu wa kwaya, alishika jiko bila kuombwa, akafukuza watu wote, akaanza kulalamika kwamba hasaidiwi.

Na ile mila ya kurusha rungu? Hakuna aliyewahi kuisikia. Lakini hakuna aliyesema. Wabembe walidhani ni ya Wafulero. Wafulero walidhani ni ya Wabembe, na wakaona haya kuuliza. Warundi walisema, "Wakongo wale, acheni." Kila mtu aliheshimu mila ya jirani, na jirani hakuwepo.

Afadhali wangenyamaza tu. Lakini alikuwepo mzee Godefroid, aliyekuwa katibu wa kila kamati iliyowahi kuundwa, na mzee Godefroid tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui."

"Mila hiyo naifahamu sana," akawaambia vijana. "Siku ya bibi yangu mimi nilirusha mpaka rungu likakwama mtini."

Heritier alipomsikia, karibu amkumbatie.

Tatizo likawa Bernadette. Hakulia. Aliogopa. Kumlilia mtu mzima wa afya ni kumchuria, na mama yake ana miaka sabini na tisa, kazi ya kumchuria si ngumu. Kila kwaya ilipopandisha wimbo wa majonzi, watu walimtazama machoni. Makavu.

"Mtoto gani huyu?" wakanong'ona. "Hata kujifinya hajifinyi."

"Amerika imemkausha."

Avelina akamletea kitunguu kilichokatwa. "Nusia kidogo, mama. Watu wanaangalia."

"Toa kitunguu chako," Bernadette akasema.

Saa tisa basi kubwa likasimama mtaani. Akashuka Kocha Masharubu, suti nyeusi, maua kifuani kama anakwenda kuposa. Nyuma yake Nyati wengine wote, ishirini na wanne. Wakavua viatu mlangoni, na sisemi zaidi juu ya soksi za wachezaji, msiba mmoja unatosha.

Kocha akamwinamia Bernadette. "Mama, pole sana."

"Aksanti," akasema Bernadette, akatazama chini.

"Miaka thelathini nimepiga vita maringo uwanjani. Leo nimejifunza kwamba nilikuwa mjinga. Jumamosi, Houston, timu nzima itarusha rungu kwa heshima ya mama yako. Lakini sitaki tukosee mila ya watu. Nani atatufundisha?"

Watu wakamtazama Heritier. Heritier akamtazama Godefroid. Godefroid akakohoa kikohozi cha katibu, akasimama.

"Mjukuu wa kiume anarusha kwa kulia," akasema kwa Kiingereza. "Wa kike kwa kushoto. Rungu lizunguke mara tatu. Likizunguka mbili, marehemu anakasirika."

Kocha akaandika.

"Na kubusu msuli?" akauliza.

Godefroid hakuwa ameona mechi. Lakini unadhani alisita?

"Kubusu msuli ndiyo roho yenyewe ya jambo," akasema.

Marungu yalikuwa kwenye basi, lakini Avelina alikataa mtu kurusha mti mzito karibu na sufuria zake, akawagawia miiko. Basi ungeyaona! Majitu ishirini na manne, soksi tupu, kwenye majani ya Euless, yanarusha miiko ya ugali na kubusu mikono, na Kocha Masharubu mbele yao, jasho linamtiririka, anapiga kelele, "Magoti nje! Kiuno chini! Ni mazishi haya, si mchezo!"

Kwaya ikapata mdundo. Watoto wakaanza ku-record. Mtu yule aliyeapa kwamba atakufa kabla hajaona maringo kwenye timu yake alikuwa na kiganja sikioni.

* * *

Tuwaache hapo wakicheza, turudi Houston asubuhi ya siku ile ile.

Mlango wa Fanny uligongwa. Fanny alikuwa kazini tangu jana mchana, zamu mbili mfululizo, simu yake iko kabatini kama kazi inavyotaka. Koko akaenda kufungua, mikono ina unga wa maandazi. Nje wamesimama wamama watano, vitenge vya kilio, sufuria ya ndagala, dagaa za kwetu, katikati.

Mmoja akaanguka chini. Wawili wakakimbia. Wa nne akaanza kusali kwa lugha isiyojulikana.

Koko akaichukua sufuria kwanza, maana chakula hakirudishwi. Ndipo akauliza, "Nani amekufa?"

Wa tano, aliyebaki na akili, akamwonyesha simu: kitenge cha bluu, meno manne, utepe mweusi. Akamsomea maelezo yote, mpaka ya kurusha rungu.

Koko akaivuta simu karibu na macho.

"Hiyo picha si mbaya," akasema. "Basi la Dallas, la kwenda kwa Bernadette, linaondoka saa ngapi?"

* * *

Saa kumi kasoro, gari la kukodi lilimshusha kikongwe mmoja nyuma ya umati. Amejitanda kitenge cheusi mpaka puani. Hakuna aliyemtazama, watu wote walikuwa kwenye ngoma. Akatafuta kiti kando ya Avelina, aliyekuwa anapumzika baada ya kuwagawia miiko.

"Pole, mwanangu. Kilio cha nani?"

"Cha Koko Rosette, mama yake Bernadette," akasema Avelina bila kugeuka.

"Maskini. Alikuwa mtu mzuri?"

"Marehemu tunamsema vizuri."

"Sema tu. Mimi ni mpita njia."

Avelina akasogea karibu. "Alikuwa na mdomo, huyo! Na mwaka juzi aliondoka na sufuria yangu kubwa mpaka Houston."

"Ee! Na hukuifuata?"

"Nimemsamehe asubuhi hii. Kwa shida."

Mbele, ngoma ikakoma. Kocha akapanguza uso, akamshika Heritier bega, na watu wakasogea kusikiliza, Godefroid akitafsiri kwa sauti ya mahubiri.

"Jumamosi mtu wa ligi kubwa atauliza habari za bibi yako," Kocha akasema. "Nataka nimweleze vizuri. Alikuaga vipi?"

Mwanaume mwenye busara angesema "kwa amani" akakaa. Lakini Heritier aliona watu mia mbili wanamtazama, simu zimeinuliwa. Mtu yule akiona watu kumi tu anabusu msuli. Mnadhani angeweza kujizuia?

"Alinishika mkono huu," akasema, akauinua. "Akaniambia, Heritier, mjukuu wangu, wewe ni simba. Nikifunga macho, usilie. Rusha rungu! Cheza mpaka mbinguni nikusikie! Halafu akatabasamu. Akaenda."

Wamama wakaangua kilio. Mchezaji mmoja mwenye ndevu nyekundu akajificha nyuma ya Samson akilia.

"Nilisema hivyo?" ikauliza sauti kutoka nyuma.

Kitenge cheusi kilikuwa kimeshuka mabegani.

Avelina alitazama, akatoa sauti ambayo kwaya yake haijawahi kuifikia, akaanguka na kiti chake. Umati ukapasuka katikati. Koko Rosette akapita pale katikati, polepole, bila fimbo, mpaka mbele ya mjukuu wake.

Uso wa Heritier ukawa rangi ya unga wa muhogo.

"Huyu mama ni nani?" Kocha akauliza.

Hapo ndipo kijana angeweza kupiga magoti. Kocha analia, bibi yuko hai, siku ina joto, watu wangecheka wakala. Lakini alikumbuka Jumamosi. Alikumbuka maboksi.

"Ni pacha wake!" akasema. "Pacha wa marehemu, Kocha. Wanafanana sana. Ametoka Houston kuzika."

Umati ukaguna. Mzee Godefroid akakohoa, akasonga mbele.

"Nathibitisha," akasema. "Huyu pacha mimi namfahamu tangu kule mjini Baraka, Kongo. Tulikuwa naye kamati moja."

Kocha akamwendea Koko, mikono miwili mbele. "Pole, mama. Pole sana kwa kumpoteza pacha wako."

Koko akampokea mikono, akaishika vizuri. Akasema maneno machache kwa Kiswahili, macho yake kwa Heritier.

"Anasema nini?" Kocha akauliza.

Godefroid akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Bernadette alisimama. Tangu jana hakuwa amesema mbele za watu ila aksanti na kukataa kitunguu.

"Keti, mzee," akasema. "Mama ni wangu, natafsiri mimi." Akamgeukia Kocha, na Kiingereza chake cha kazini kikatoka kimenyooka. "Anawauliza hawa wawili: huyo pacha wangu aliyekufa anaitwa nani?"

Heritier akasema, "Aurore."

Na Godefroid, sekunde ile ile, kwa sauti ya katibu, akasema, "Dévote."

Majina hayahitaji mkalimani. Kocha Masharubu aliachia mikono ya Koko. Akamtazama mzee. Akamtazama kijana. Nyati ishirini na wanne wakashusha miiko.

Heritier akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Alikuwa na majina mawili, Kocha. Kwetu pacha..."

"Mimi," Koko Rosette akasema, "nilizaliwa peke yangu."

Na Bernadette, machozi yakimtoka sasa kama mvua, akamtafsiria Kocha neno kwa neno, asipunguze hata moja.